Tathmini Yako Iko Wapi?

“Nasoma kozi ambayo kila wiki tunapewa matini mbili, mara nyingi hadithi fupi na makala ya hoja, kisha tunaandika ukurasa mmoja wa tathmini kwa kila moja. Kazi zangu zinarudi na maneno yale yale pembeni: ‘Huu ni muhtasari’, ‘Haya ni maoni tu’, na mara ya mwisho, ‘Tathmini yako iko wapi?’ Nikieleza yaliyomo naambiwa nimefupisha. Nikisema nimependa naambiwa ni maoni. Nikitaja tashbihi na takriri naambiwa nimeorodhesha. Isitoshe, waandishi wa makala hizo ni wasomi wakubwa. Mimi ni nani hata niwakosoe? Na je, ni kweli hairuhusiwi kutumia ‘mimi’? Naomba mifano, maana maelezo ya jumla nimeyasikia ya kutosha.”

Ndugu msomaji, maneno hayo ya pembeni yanaonekana kukuvuta pande tatu, ndiyo maana umechanganyikiwa. Ukiyatazama vizuri yanaulizia kitu kimoja. Muhtasari, maoni na orodha ya mbinu vyote vinaweza kuandikwa bila mtu kupima chochote. Kupima kunataka kipimo, na kipimo ndicho kisichoonekana kwenye kurasa zako. Sidhani kwamba huna. Unacho kichwani, unakitumia kila unaposoma, kisha unakiacha huko huko unapoanza kuandika.

Umeomba mifano, basi tuanze nayo. Hiki ni kifungu cha hadithi nilichokitunga hapa, ili tusiguse kazi ya mtu:

“Mzee Salehe aliipokea barua, akaigeuza mara mbili bila kuifungua. Akaisukuma chini ya mto, kitandani, akatoka kumwagilia miche. Aliporudi jioni aliifungua. Mwanawe hatarudi. Mzee alihuzunika sana. Moyo wake ulijaa simanzi isiyo na kifani, na machozi yakambubujika kama mto.”

Sasa soma sentensi nne zinazoweza kuandikwa juu yake.

“Mzee Salehe anapata barua inayomweleza kwamba mwanawe hatarudi, naye analia.” Huo ni muhtasari. Mtu yeyote aliyesoma kifungu atakubali. Hakuna cha kubishania.

“Mwandishi ametumia tashbihi, ‘kama mto’.” Huo ni utambuzi. Nao haubishaniwi. Umeonyesha kwamba unaijua tashbihi ukiiona, lakini hujasema kama inafanya kazi yake.

“Kifungu hiki kilinigusa sana.” Hiyo ni hisia, na ni habari kuhusu wewe. Siwezi kuipinga, kwa sababu sikuwa moyoni mwako. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kunishawishi.

“Kifungu kinaifanya huzuni ionekane pale kinapomwacha mzee aikwepe barua kwa kazi za bustani, lakini nguvu hiyo inapungua katika sentensi ya mwisho, kwa sababu msimulizi anatutajia huzuni ambayo tulikwisha kuiona.” Hapa pana hukumu. Unaweza kuipinga. Unaweza kurudi kwenye kifungu, ukaweka kidole kwenye mahali nilipotaja, ukasema, “La, sentensi ya mwisho inahitajika, kwani mzee amejizuia kutwa nzima na sasa amevunjika.” Tukifika hapo tunazungumza kuhusu matini, si kuhusu tabia zetu.

Hiyo ndiyo tofauti. Kauli ya tathmini ni dai ambalo msomaji mwingine makini anaweza kulikataa, na ambalo limebeba sababu za kutosha kumfanya afikiri mara mbili kabla ya kulikataa.

Kinachoendesha kauli kama hiyo kinaelezeka. Mwaka 1958 mwanafalsafa Stephen Toulmin alichambua jinsi watu wanavyojenga hoja za kawaida, zisizo za hisabati, akaonyesha kwamba kati ya ushahidi na dai huwa pana daraja: kanuni inayoruhusu kuvuka kutoka huku kwenda kule. Mara nyingi daraja hilo halisemwi. Katika mfano wetu dai ni kwamba sentensi ya mwisho inadhoofisha kifungu. Ushahidi ni maneno “simanzi isiyo na kifani” kuja baada ya tukio la barua na miche. Daraja je? Ni imani kwamba hisia ambayo msomaji ameijenga mwenyewe kutokana na matendo humkaa zaidi kuliko ile aliyotajiwa jina. Hicho ndicho kigezo. Ukikiacha, msomaji wako anaona dai huku na nukuu kule, na katikati shimo. Anayesahihisha akiliona shimo hilo ataandika “maoni tu”, hata kama ulikuwa na nukuu tatu.

Kwa hiyo unapokwama usitafute kivumishi kikali zaidi. Jaza sentensi hii kwenye karatasi ya pembeni: “Matini ya aina hii hufanya vyema pale inapo…” Ukishindwa kuimalizia, hujawa tayari kuandika. Ukiimalizia, nusu ya kazi imekwisha, hata kama sentensi yenyewe hutaiweka kwenye ukurasa wa mwisho.

Lakini kigezo hakiokotwi popote. Hapa ndipo wanafunzi wengi wenye bidii wanapoteleza: wanakariri kigezo kimoja na kukibandika kila mahali. Chukua hicho hicho cha kuonyesha badala ya kutaja. Kwenye hadithi fupi ya kusomwa kimyakimya kina maana, kwa sababu msomaji anaweza kusimama na kurudi nyuma. Kwenye masimulizi yanayosikilizwa mara moja tu, msimulizi anayetaja huzuni kwa jina anamsaidia msikilizaji ambaye hawezi kufungua ukurasa uliopita. Kumlaumu kwa hilo ni kumpimia nguo kwa kipimo cha mwingine.

Ushairi unalionyesha jambo hili waziwazi. Katika shairi la arudhi, yaani linalofuata kanuni za jadi za vina na mizani, lenye mizani (silabi) 16 kwa mshororo, nane upande wa ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane upande wa utao, yaani nusu ya pili, kuhesabu mizani ni kazi halali ya mhakiki. Ukikuta mshororo wenye mizani 17 una jambo la kusema. Lakini “mshororo wa tatu una mizani 17” bado ni utambuzi. Tathmini inaanza unapouliza mzani huo wa ziada umefanya nini: umeikwaza sauti mahali ambapo maana nayo inakwaza, au umeponyoka tu? Vivyo hivyo kwa inkisari, yaani kulifupisha neno, na mazida, yaani kulirefusha. Kufanya hivyo ili mizani itimie ni ruhusa ya mshairi, na kukutaja tu hakutoshi. Ila ukionyesha kwamba katika beti tano neno la kujazia, kama “kwa yakini”, limerudi mara nne bila kuongeza maana yoyote, umegundua udhaifu halisi, kwa sababu kaida ya utanzu wenyewe inadai kila mzani ulipiwe kwa maana. Sasa chukua rula hiyo hiyo uende nayo kwenye shairi huru uone itakavyokupotosha. Huko utapima mahali mshororo unapokatwa na kinachotokea kwa pumzi na maana hapo.

Vigezo basi hutoka wapi? Kwanza, kwenye kusudi la matini: inaeleza, inashawishi, inaburudisha, inaomboleza? Pili, kwenye kaida ya utanzu wake, kama tulivyoona. Tatu, kwa msomaji aliyelengwa. Maelezo yanayomchosha bingwa huenda ndiyo yanayomfaa anayeanza. Na nne, ambacho binafsi nakiona bora kuliko vyote kwa anayeanza, ni ahadi za matini yenyewe. Kichwa cha makala na aya yake ya kwanza huwa vinaahidi kitu. Makala ikisema itaeleza “sababu” za jambo, kisha kurasa zote zikaeleza historia ya jambo hilo, una kigezo mkononi ambacho mwandishi mwenyewe amekupa. Hawezi kukukana.

Hapo tumeufikia wasiwasi wako kuhusu wasomi wakubwa. Unahukumu ukurasa, mtu mwenyewe hayumo kwenye mizani. Miaka ya 1920, mhakiki I. A. Richards aliwapa wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, akawataka waandike walivyoyaona. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1929 yalishangaza: mashairi ya watunzi wenye sifa yalipondwa, mengine ya watunzi wasiotukuka yakasifiwa, na wasomaji waliosoma sana walikosea hata maana ya wazi ya mishororo. Watu wengi wanakumbuka tu kwamba majina yalikuwa yakibeba hukumu. Mimi naona somo la pili ni zito zaidi: jina likiondoka, msomaji anabaki na maneno yaliyoandikwa tu, na hapo ndipo anagundua kama anajua kusoma. Kwa hiyo soma mara ya kwanza ukiwa umefunika jina la mwandishi. Chema chajiuza, wasema wahenga, lakini kwenye tathmini hakijiuzi. Wewe ndiye wa kuonyesha wema wake uko mstari gani.

Hata hivyo, uhuru huo una mipaka, na kuijua mipaka hiyo kutakupa ujasiri zaidi kuliko maneno ya kutiana moyo. Hata kama hujui lolote kuhusu mada, unaweza kuhukumu kama hoja zinafuatana, kama istilahi moja inatumika kwa maana moja tangu mwanzo hadi mwisho, kama ushahidi unatosha kwa ukubwa wa dai, kama upande wa pili umeelezwa kwa haki, kama mfano unafanana kweli na jambo unaloliwakilisha. Usichoweza kuhukumu kwa kusoma matini hiyo peke yake ni kama takwimu zake ni sahihi au kama ameacha utafiti muhimu. Hayo yanataka chanzo kingine. Ukiwa huna, usiyaguse, au sema wazi kwamba unapima mpangilio wa hoja tu.

Twende kwenye makala ya hoja, maana umesema nusu ya kazi zako ni hizo. Hiki nacho nimekitunga:

“Wanafunzi wanaosoma usiku hufaulu kuliko wanaosoma mchana. Katika darasa moja lililochunguzwa, wengi wa waliopata alama za juu walisema kwamba husoma usiku. Ni wazi, basi, kwamba kila shule ipange vipindi vya kujisomea usiku.”

Jibu la haraka ni “Mwandishi amekosea, kusoma mchana ni bora.” Hiyo si tathmini. Ni mjadala na hitimisho lake, na unaweza kuuendesha bila kuisoma hoja yake kabisa. Kosa la pili ni kinyume chake: “Makala ni nzuri kwa sababu inahimiza bidii.” Umekubaliana na hitimisho, ukalipa hitimisho hilo alama za hoja. Hitimisho la kweli linaweza kuwa na hoja mbovu, na hoja iliyojengwa vizuri inaweza kukupeleka usipopapenda.

Tafuta nyufa. Darasa ni moja. Wanafunzi walisema tu wanasoma usiku; hakuna aliyeangalia. Hatuambiwi ni wangapi wanaosoma usiku na bado wanafeli, na hapa ndipo penye ufa mkubwa, kwani kama darasa karibu zima husoma usiku, waliofaulu na waliofeli, ushahidi hauonyeshi tofauti yoyote. Pia huenda wenye bidii ndio wanaofikia hatua ya kusoma hata usiku, na kinachowafaulisha ni bidii, si saa. Mwisho, ameruka kutoka kueleza hali ilivyo hadi kuagiza shule zote.

Nyufa tano. Usiziandike zote. Anayeorodhesha nyufa tano kwa uzito sawa anaonekana kama aliyekuwa na orodha tayari kabla ya kusoma. Chagua ule ambao ukizibwa hoja inasimama, na usipozibwa hoja inaanguka, kisha uueleze mpaka mwisho:

“Dai la mwandishi ni kubwa kuliko ushahidi wake. Ametuonyesha kwamba wengi wa waliofaulu husoma usiku, lakini hakutuambia hali ya waliofeli. Bila upande huo hatuwezi kujua kama usiku ndio unaoleta tofauti au ni desturi ya darasa zima. Neno ‘ni wazi’ linakuja mahali ambapo jambo bado halijawa wazi. Hilo halifanyi dai kuwa la uongo. Linaonyesha tu kwamba hapa halijathibitishwa.”

Sentensi hiyo ya mwisho usiione ndogo. Wanaoanza kukosoa huwa na tabia ya kupiga hatua moja zaidi ya walichokipata: wanaona hoja imeyumba, wanatangaza kwamba hitimisho ni uongo. Hapo wamefanya kosa lile lile wanalomlaumu nalo mwandishi.

Kuna jambo la lugha ambalo vitabu vya uandishi hulipita haraka, nami sitalipita. Kitenzi unachomwekea mwandishi ni hukumu tosha. “Anasema” hakina upande. “Anadai” kinamweka mwandishi mbali kidogo nawe. Msomaji anasubiri pingamizi. “Anaonyesha” na “anathibitisha” vinamaanisha umekubali kwamba jambo ni kweli. “Anakiri” kinadokeza kwamba asingependa kulisema. “Anadokeza” ni cha kitu kilichosemwa kwa mbali. Sasa tazama sentensi hii, ya aina inayopatikana kwa wingi kwenye kazi za wanafunzi: “Mwandishi anathibitisha kwamba kusoma usiku ni bora, lakini ushahidi wake hautoshi.” Sentensi inajipinga yenyewe. Kama ushahidi hautoshi, hakuthibitisha, amedai. Pitia ukurasa wako kabla ya kuukabidhi, upigie mstari kila kitenzi kilichobeba jina la mwandishi, na ujiulize kama ndicho unachokiamini. Kazi ya dakika tano, na inabadilisha ukurasa mzima.

Upande wa vivumishi kuna jaribio moja la kikatili. Chukua sentensi yako, ing’oe, ibandike kwenye tathmini ya matini nyingine kabisa. Ikikaa vizuri huko, ifute. “Kitabu hiki ni kizuri, kinavutia na kina mafunzo mengi” inakaa kwenye hadithi za watoto, kwenye riwaya ya upelelezi, na kwenye mwongozo wa kufuga kuku. “Lugha ni nyepesi na inaeleweka” hali kadhalika. Kisha jiulize: nyepesi wapi, kwa nani, na wepesi huo umeleta nini? Huenda ukafika hapa: “Sentensi zake hazizidi maneno kumi katika sura za mtoto, kisha zinarefuka anapokua, msomaji anaona akili ya mhusika ikipanuka kabla hajaambiwa umri wake.” Hiyo haing’oki.

Neno “mafunzo” linastahili onyo la peke yake. Kwamba hadithi inafundisha uaminifu ni habari ya maudhui. Haijasema kama hadithi imeandikwa vyema. Ubao wa matangazo nao hufundisha. Na usichanganye hukumu juu ya mhusika na hukumu juu ya matini. Mhusika katili anaweza kuwa ameumbwa kwa ustadi, na mhusika mwema akawa bapa, asiyebadilika wala kushangaza kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hata hivyo, “bapa” si tusi. Mhusika wa kupita, anayefungua mlango na kuondoka, hahitaji kuwa duara, yaani mwenye kubadilika na kushangaza. Ubapa ni dosari pale hadithi inapotegemea mabadiliko yake.

Kuhusu “mimi”: tatizo halijawahi kuwa nafsi ya kwanza. Tatizo ni kinachoifuata. “Naona hoja inayumba kwa sababu mfano wa pili haufanani na wa kwanza” ni tathmini kamili. “Hoja haivutii” haina nafsi ya kwanza na bado ni hisia tupu. Kuficha mwenye kauli nyuma ya “inaonekana kwamba” au “imebainika kwamba” hakuongezi uzito wowote, kunamficha tu. Kama kozi yako imeweka kanuni ya kutotumia nafsi ya kwanza, ifuate, maana kubadilisha “naona mfano haufanani” kuwa “mfano haufanani” hakukupotezei kitu. Ila “mimi binafsi kwa maoni yangu naona” iache hata pale inaporuhusiwa. Kiambishi “na-” cha “naona” kilishabeba nafsi. Yaliyobaki ni woga.

Wala usidharau hisia zako. Ni king’ora kizuri, isipokuwa king’ora hakielezi moto uko chumba gani. Ulipochoka, ulipocheka, ulipolazimika kurudia aya, weka alama hapo hapo, kisha rudi ukachunguze mistari mitano ya kabla. Tuseme ulipotea kwenye ukurasa wa tatu. Ukirudi unakuta wahusika wanne wametajwa kwa majina ndani ya aya moja, wawili kati yao majina yao yanaanza kwa silabi moja, na hakuna aliyepewa tendo la kumtofautisha. Hapo “nilichanganyikiwa” inageuka kuwa “hadithi inaingiza wahusika kwa kasi kuliko inavyowatofautisha”. Hisia imekuongoza, kisha imekaa pembeni.

Turudi kwa Mzee Salehe kidogo, kwa sababu kuna kitu nimekiacha makusudi. Neno “mto” limo mara mbili: mto wa kitandani unaoficha barua, na mto wa maji kwenye tashbihi ya machozi. Je, ni ustadi au ni bahati mbaya? Mhakiki mmoja atasema mwangwi huo unayaunganisha yaliyofichwa na yanayobubujika. Mwingine atasema tashbihi yenyewe imechakaa kiasi kwamba haiwezi kubeba uunganisho huo, na msomaji ataishia kuona mto wa kulalia ukibubujika. Mimi niko upande wa pili. Lakini ona kwamba hakuna kati yetu anayehitaji kujua nia ya mwandishi. Epuka “mwandishi alikusudia”, kwa kuwa huna njia ya kulihakikisha; andika “kifungu kinaruhusu kusomwa hivi”, halafu uonyeshe maneno yanayoruhusu.

Kwa ukurasa mmoja, utaratibu unaofaa ni huu. Soma mara ya kwanza bila kalamu, jina la mwandishi likiwa limefunikwa. Ukimaliza, funga matini na uandike sentensi moja: matini hii inajaribu kufanya nini, kwa msomaji gani? Soma mara ya pili na kalamu, ukiweka alama tatu tu pembeni: jumlisha panapofanya kazi, kutoa panapokwama, na alama ya kuuliza pale usipokuwa na uhakika. Alama za kuuliza ndizo mara nyingi zenye dhahabu, zisikimbie. Chagua mahali pawili au patatu, si zaidi, na kwa kila mahali andika kigezo chako kwa sentensi moja. Ndipo uanze ukurasa. Muhtasari usizidi moja ya tano, yaani sentensi tatu au nne, zile tu ambazo asiyesoma matini anazihitaji ili akuelewe. Anza na hukumu yako kuu, usiifiche mwishoni kama jibu la kitendawili. Nukuu ziwe fupi, maneno matatu hadi 15, na kila nukuu ifuatwe na maelezo yako yaliyo marefu kuliko nukuu yenyewe. Nukuu ndefu isiyofuatwa na neno ni njia ya heshima ya kumwachia msomaji kazi yako.

Hivi ndivyo aya moja inavyoweza kuonekana ikikamilika:

“Kifungu cha barua kinafanikiwa kwa kuchelewesha. Mzee haifungui, ‘akatoka kumwagilia miche’, na kazi hiyo ya kila siku inatuonyesha kwamba amekwisha kuijua habari kabla ya kuisoma. Katika hadithi fupi, ambako nafasi ni ndogo, tendo moja linalobeba maana mbili lina thamani kuliko maelezo marefu. Ndiyo maana sentensi ya mwisho inavunja kilichojengwa: ‘simanzi isiyo na kifani’ ni maneno ambayo yangeweza kusemwa juu ya msiba wowote, wakati miche ni ya mzee huyu peke yake. Mtu anaweza kutetea kwamba kilio kinahitajika baada ya kujizuia kutwa nzima. Nakubali kilio kinahitajika. Kinachozidi ni kupewa jina.”

Angalia pingamizi lililowekwa karibu na mwisho. Halikuwekwa kwa adabu. Limewekwa kwa sababu limenilazimisha kupunguza dai langu hadi likawa sahihi zaidi. Kama pingamizi ulilojiwekea halibadilishi hata neno moja la kauli yako, pengine ulichagua pingamizi la kitoto. Na unapopunguza dai, lipunguze kwa mahali badala ya maneno ya kusitasita. “Huenda labda kwa kiasi fulani hadithi inachosha” haina mfupa. “Hadithi inachosha katika kurasa mbili za safari, kisha inaamka” ni ya kiasi na bado imesimama.

Jambo la mwisho la ufundi ni mizani ya sifa na lawama. Tumezoeshwa kufunga uhakiki kwa “kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi”, pointi tatu huku na tatu kule. Mpangilio huo unasaidia kukumbuka pande zote, lakini unamlazimisha mtu kubuni dosari kwenye kazi nzuri na kubuni sifa kwenye kazi dhaifu. Ndiko hutoka lawama kama “mwandishi hakuzungumzia pia maisha ya vijijini”, ilhali hadithi ni ya watu wawili ndani ya lifti. Kama matini imefanikiwa kwa sehemu kubwa, ukurasa wako uelemee huko.

Kuna hali ambazo maandishi haya hayatakufaa, na ni vizuri uzijue mapema. Kama baada ya kusoma mara mbili huwezi kuandika ile sentensi moja ya kusudi la matini, shida yako iko kwenye ufahamu, si kwenye tathmini. Kaa na mwalimu au mwenzako mwenye kusoma vizuri, msome aya kwa aya kwa sauti, na kila aya useme kwa maneno yako. Kama mistari inakuruka, herufi zinafifia au kichwa kinakuuma kila unaposoma, mwone daktari wa macho kabla ya kujilaumu. Na kama umejaribu njia hii kwa kazi tatu nne na maneno ya pembeni hayajabadilika, omba dakika 15 za anayekusahihisha. Usiende na swali la “nifanyeje?” Nenda na aya moja tu, ukiwa umepigia mstari dai kwa rangi moja, ushahidi kwa nyingine na kigezo kwa ya tatu, umwombe akuonyeshe ni rangi ipi imekosea.